Muziki wa Mitindo Mingi katika Shule za Kathonzweni

Mtoto wa Kathonzweni, katika Makueni nchini Kenya, huingia katika somo la muziki akiwa na muziki mwingi tayari. Nyumbani amesikia wathi, yaani nyimbo za Kikamba, za kulima, za harusi na za kumbembeleza mdogo wake. Jumapili huimba tenzi za kanisani, ambazo zina mizizi ya zaidi ya karne moja katika eneo hili, kwa kuwa kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission kilifunguliwa Nzaui, ndani ya Makueni ya leo, mwaka 1895. Sokoni na ndani ya matatu ni gitaa la benga. Asubuhi, bendera ikipandishwa, huimba wimbo wa taifa, ambao sauti yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana wa kumlaza mtoto. Jopo lililouandaa mwaka 1963 lilikuwa la watu watano: Graham Hyslop kutoka Uingereza, George Senoga-Zake aliyezaliwa Uganda, pamoja na Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Mtoto huyo basi, kabla hajafundishwa lolote, amekwisha kuimba sauti ya Wapokomo kwa maneno ya Kiswahili na mpangilio wa Kizungu, akiwa katika ardhi ya Ukambani.

Kazi ya programu ya muziki shuleni ni kuupa mchanganyiko huo utaratibu, ili mwanafunzi ajue anachoimba kimetoka wapi, kimejengwa vipi na kinatumika lini. Programu ya namna hii haipimwi kwa wingi wa makabila yanayotajwa katika ratiba. Darasa lililojifunza mitindo mitatu kwa mwaka likaielewa, likaweza kuipiga bila kusukumwa na kueleza kanuni zake, limefika mbali kuliko darasa lililoonja mitindo kumi na mitano likabaki na mavazi yake tu.

Nafasi ya kufanya kazi hiyo imekuwa ikipanuka na kubanwa kwa zamu. Mwaka 1982 serikali ya Kenya iliunda tume ya kuchunguza hali ya muziki nchini, ikiongozwa na Washington Omondi yule yule wa wimbo wa taifa, na ripoti yake ikatoka mwaka 1984. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 muziki ulikuwamo katika masomo ya shule ya msingi na ukatahiniwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtihani huo uliondolewa, na shule nyingi zikaacha kulifundisha somo lenyewe, maana kisichotahiniwa hupoteza kipindi chake kwa Hisabati mara moja. Mtaala wa Umilisi, ulioshika nafasi ya 8-4-4, umelirudisha ndani ya Sanaa Bunifu, na katika sekondari ya juu upo mkondo wa sanaa na michezo. Kurudi huku kuna kasoro yake. Vipindi ni vya pamoja na uchoraji na michezo, na mwalimu anayevishika huenda hakusomea muziki. Mwalimu mkuu anayetaka programu ya kweli aanze hapo: amtafute mwalimu mmoja mwenye sikio na moyo, hata kama ni wa Kemia, amwachie vipindi vya muziki vya gredi mbili au tatu, na alinde saa moja ya alasiri kila wiki isimezwe na masomo ya ziada.

Muziki wa kwanza kufundishwa uwe wa nyumbani. Sababu si kujipendelea. Mwanafunzi asiyejua namna wimbo wa kwao ulivyoundwa hana kipimo cha kuusikilizia wa jirani. Isitoshe, Ukambani ni eneo lenye utajiri mkubwa wa muziki, na sehemu ya utajiri huo imekwisha kuandikwa. Paul Kavyu alichapisha mwaka 1977 kitabu cha utangulizi wa muziki wa Wakamba, na baadaye kingine kuhusu ngoma zao. Shule inayoweza kupata nakala iinunue kabla ya kununua kinanda.

Kitabu hata hivyo hakitoshi, kwa sababu wimbo wa kienyeji hukaa kwa mwenyewe. Njia inayofaa ni kumwalika mzee au mama anayeimba, na mwaliko huo una adabu zake. Mwalimu aende kwake kwanza, akae, aeleze anachotaka, asimtume mtoto na barua. Nauli na shukrani zipangwe mapema katika bajeti ya shule. Si haki kwamba mwenye ujuzi wa miaka hamsini apewe soda na makofi wakati fundi wa kompyuta analipwa. Siku ya somo yeye ndiye mwalimu. Wanafunzi wajifunze kwa sikio, wakimfuata mstari kwa mstari, kiongozi akitoa na kundi likiitikia, bila karatasi. Mwalimu wa darasa arekodi kwa simu baada ya kuomba ruhusa, na aandike kando ya kila wimbo jina la aliyeutoa, mahali alipojifunza, na wakati unaoimbwa. Wimbo wa kumpeleka bibi harusi ukiimbwa kumkaribisha afisa wa elimu, kuna kitu kimepotea hata kama sauti ni nzuri.

Ngoma ziingizwe taratibu. Mbeni, ngoma ya vijana ya miruko na viungo vyepesi, huwavutia wanafunzi upesi, na kosa la kawaida ni kukimbilia miruko kabla ya mdundo kukaa. Wiki mbili za kwanza wanafunzi wote, hata watakaocheza, wapige kwa mikono na miguu: kundi moja likishika pigo la chini lisilobadilika, jingine likiingiza pigo linalokatiza, na kiongozi wa filimbi akitoa ishara za kugeuza. Anayeweza kushika pigo lake huku mwenzake akipiga tofauti amejifunza jambo litakalomfaa katika isukuti ya Waluhya, katika benga na katika kwaya ya sauti nne. Myali, nyimbo za kukosoa na kuonya, zinafaa zaidi kwa wanafunzi wakubwa. Zinawafundisha kutunga kwa mafumbo, na mwalimu aweke sharti kwamba jambo ndilo linalokosolewa, mtu asitajwe.

Kilumi huhitaji busara ya peke yake. Hii ni ngoma ndefu ambayo kwa desturi hupigwa na wanawake, na shughuli zake zilihusu uponyaji, pepo na maombi ya mvua. Wazazi wengi wa Kathonzweni ni waumini wa makanisa ambayo tangu enzi za wamisheni yaliikataa. Kuipeleka jukwaani kana kwamba ni mchezo tu kunawaumiza waumini hao, na kunawavunjia heshima pia wanaoiamini. Kuifuta katika somo nako ni kumnyima mtoto habari ya mojawapo ya sanaa kuu za kwao. Lililo sahihi ni kuitisha kikao cha wazazi mapema, kueleza kwamba watoto watajifunza historia ya ngoma hiyo, ujenzi wake na mapigo yake, bila ibada, na kumruhusu mzazi asiyeridhika amwondoe mwanawe katika kipindi hicho bila kuadhibiwa. Na kwa kuwa kilumi ilikuwa mikononi mwa wanawake, isiwe kwamba shuleni wavulana ndio hupewa ngoma na wasichana wakaachiwa kutikisa mabega. Wasichana wakae kwenye ngoma, na mama anayejua kupiga awe ndiye anayewafundisha.

Baada ya muhula mzima wa muziki wa nyumbani, huja wa majirani. Uchaguzi uongozwe na swali moja: nani yuko karibu wa kuufundisha? Katika vyumba vya walimu vya Makueni wamo waliozaliwa Kakamega, Siaya, Kilifi na Meru. Mwalimu wa Fizikia aliyekulia miongoni mwa Waisukha au Waidakho anaweza kufundisha isukuti kwa usahihi usiopatikana katika video. Isukuti hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, kila moja ikiwa na kauli yake. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na wanafunzi waelezwe hivyo ili wasidhani ni midundo ya kuchangamsha kampeni tu. Mwalimu kutoka Nyanza anaweza kuleta orutu yenye uzi mmoja, au nyatiti yenye nyuzi nane. Maneno ya lugha ngeni yafundishwe kwanza kwa kusemwa, na maana yake iandikwe ubaoni. Darasa linaloimba Kiluhya lisichokielewa hutamka vibaya na kucheka, na kicheko hicho humfundisha mtoto kuidharau lugha ya mwenzake.

Taarabu ya pwani ina mlango wake maalumu, nao ni somo la Kiswahili. Wanafunzi wanaohesabu mizani na vina katika ushairi wanaweza kuona mara moja jinsi mistari ile ile inavyokaa juu ya sauti. Historia yake nayo inawahusu moja kwa moja: Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, na nyimbo zake zikasikika kote katika upwa wa Afrika Mashariki. Ala za udi na kanuni hazipatikani Kathonzweni, na si lazima zipatikane. Wanafunzi wasikilize rekodi moja mara nne au tano, kila mara wakifuata ala moja, fidla, kodiani, dumbaki, kisha mwimbaji, halafu watunge ubeti wao wa mizani kumi na sita na kuuimba kwa kuitikiana. Zanzibar yenyewe inatoa mfano wa kuigwa. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2001, hufundisha taarabu na ngoma za asili bega kwa bega na nadharia na ala za Kizungu, wazee wa vikundi vya zamani wakiwa miongoni mwa waliofundisha humo.

Muziki wa Kihindi nao hauko mbali. Makindu, kwenye barabara ya Mombasa, ina hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambalo huwapokea wasafiri wa kila dini na kuwapa chakula bila malipo. Ibada ya Masingasinga huendeshwa kwa nyimbo zinazosindikizwa na hamonia na tabla, na darasa likiomba mapema linaweza kwenda kusikiliza. Wanafunzi waambiwe kabla ya safari kwamba watavua viatu, watafunika vichwa na watakaa kwa utulivu, kwa kuwa wanaingia mahali pa ibada. Safari moja kama hiyo, ikifuatwa na kipindi cha kujadili kilichosikika, ina thamani kuliko sura nzima ya kitabu kuhusu muziki wa Asia.

Nadharia ya Kizungu, yaani nota, solfa na kuimba kwa sauti nne, ina nafasi yake, na ni kosa kuifanya adui. Rikoda, ile filimbi ya plastiki inayotakiwa na mtaala, ni njia nzuri ya kujifunza kusoma nota. Kila mtoto awe na yake au ioshwe kwa sabuni kabla ya kupokezanwa. Solfa huenea haraka kwa sababu wanakwaya wa makanisani tayari wanaijua. Shida huanza pale kipimo cha mtindo mmoja kinapotumiwa kuhukumu mwingine. Sauti ya mzee anayeimba bila ala, au nyuzi za ala ya kienyeji ya litungu, si lazima zikae juu ya ngazi ya do-re-mi, na mwalimu anayezisahihisha kwa kinanda anaharibu alichoitwa kukilinda. Lipo pia suala la lugha. Katika Kikamba kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana, kwa hiyo utungo wa Kizungu uliowekewa maneno ya Kikamba huweza kulipotosha neno. Zoezi zuri kwa gredi za juu ni kuchukua utenzi mmoja unaojulikana, kusema maneno yake kwa lafudhi ya kawaida, kuyalinganisha na sauti yanayoimbiwa, na kutunga upya sauti inayofuata usemi. Wanafunzi huona hapo, kwa masikio yao, kwa nini nyimbo za wazee hukaa kinywani kwa urahisi.

Benga isiachwe nje kwa kuwa ni ya baa. Kakai Kilonzo na kundi lake la Kilimambogo Brothers waliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho kiliwafikisha mbali na Ukambani kabla ya Kilonzo kufariki mwaka 1987. Kwa mwanafunzi wa gredi ya tisa hilo ni somo la jinsi muziki wa mahali pamoja unavyovuka mipaka. Mwalimu achague nyimbo zenye maneno yanayofaa watoto, asikilize kila wimbo hadi mwisho kabla ya kuuleta darasani, na aelekeze masikio kwenye namna gitaa la solo linavyojibizana na mwimbaji kama kiitikio cha wathi. Gitaa moja la shule, likitunzwa, linaweza kufundisha watoto ishirini kwa zamu.

Ala nyingine nyingi zinaweza kutengenezwa hapa hapa. Ngoma huhitaji gogo lililotobolewa na ngozi ya mbuzi, na Kathonzweni haina uhaba wa mbuzi. Wachongaji wapo. Inafaa wanafunzi wajue kwamba hata uchongaji wa vinyago unaowapa Wakamba sifa ulikuja kwa kujifunza kwa wengine, Mutisya Munge wa Wamunyu akiupata Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kayamba hufumwa kwa matete ya kando ya mto, na mbegu kavu hutiwa ndani. Ngozi ya ngoma inataka uangalizi. Jua kali la Januari huikaza hadi ipasuke ikiachwa uwanjani, na unyevu wa mvua za Novemba huilegeza, hivyo ngoma zihifadhiwe chumbani, juu ya ubao na si sakafuni, na zikilegea zianikwe kidogo au zisogezwe karibu na moto kabla ya kupigwa. Ufunguo ushikwe na wanafunzi wawili wanaojulikana, na daftari la kutoa na kurudisha liwepo.

Tamasha la Muziki la Kenya ndilo kivutio kikubwa na pia hatari kubwa kwa programu. Lilianza mwaka 1927, likiwa hasa la walowezi wa Kizungu, na leo hupanda kutoka kanda hadi fainali za kitaifa, likiwa na ngoma, nyimbo za asili, kwaya, ala, ushairi na tungo za wanafunzi. Manufaa yake ni ya kweli: mtoto wa Mavindini au Kitise humwona mwenziwe wa Turkana akicheza ngoma ya kwao, na husikia waamuzi wakieleza kilichokosekana. Hatari yake ni kwamba shule huchagua wanafunzi thelathini, huwafungia muhula wa pili wote wakirudia vipande viwili, na wengine mia tatu hawaimbi kitu. Mavazi na usafiri nazo hula fedha za mwaka mzima.

Shule inayofuata ratiba ya busara hutumia muhula wa kwanza kwa muziki wa nyumbani, darasa zima, na mwisho wake hufanya onyesho dogo mbele ya wazazi na wazee waliofundisha. Muhula wa pili ni wa mtindo wa jirani na wa mashindano kwa wanaochaguliwa, huku vipindi vya wengine vikiendelea kama kawaida. Muhula wa tatu, ulio mfupi, ni wa kutunga, kila kundi likitoa wimbo mmoja unaotumia kanuni za mtindo waliojifunza. Ngoma ngeni ipelekwe mashindanoni ikiwa tu mwenye nayo ameiona na kuikubali. Kama mwalimu wa isukuti anasema pigo la ngoma ya kati halijakaa, isiende, hata kama mavazi yameshashonwa.

Upimaji ufuate shabaha hiyo. Badala ya kuuliza kama mtoto ana sauti tamu, mwalimu aandike mambo manne: kama anashika pigo lake wengine wakipiga tofauti, kama anaweza kuongoza au kuitikia, kama anaweza kueleza wimbo umetoka kwa nani na unatumika lini, na kama amechangia sehemu katika utungo wa kundi. Mtoto asiyeimba vizuri lakini akatengeneza kayamba inayolia sawa apewe haki yake.

Kumbukumbu ni kitu cha mwisho kupangwa na cha kwanza kupotea. Mwalimu wa muziki akihamishwa, mara nyingi programu huhama naye. Daftari moja gumu, lenye wimbo kwa ukurasa, jina la aliyeutoa, kijiji chake, maneno kwa lugha yake na tafsiri ya Kiswahili, solfa pale inapofaa, na jina la faili la sauti, litunzwe ofisini mwa naibu wa mwalimu mkuu pamoja na kadi ya kumbukumbu yenye rekodi zote. Nakala ya pili ya rekodi apewe mzee aliyeimba, au wanawe akishaaga dunia. Mwalimu mpya akabidhiwe daftari hilo siku anayoripoti, na wiki yake ya kwanza apelekwe na wanafunzi wa gredi ya juu nyumba kwa nyumba kwa wazee waliotajwa ndani yake, ajitambulishe.